Helmeti ya Jumapili

Nafanya usafi katika wodi ya watoto hapa Kitale, na kazi hiyo imeniharibu. Mama mwingine akiona mtoto juu ya baiskeli, anaona furaha. Mimi naona bandeji. Nimepiga deki chini ya vitanda vya watoto walioanguka kichwa kwanza, wengine hata mama zao hawawatambui tena, na siwezi kujifanya sijaona.

Kwa hiyo binti yetu alipopata baiskeli akiwa na miaka tisa, nikatunga sheria. Polisi humsumbua wa pikipiki. Wa baiskeli hakuna anayemuuliza kitu. Basi nikawa serikali mimi mwenyewe: bila helmeti, hakuna baiskeli. Nikamnunulia nyekundu inayong'aa. Watoto wa mtaa wetu wa Tuwan walimcheka mpaka wakachoka, lakini aliivaa, maana serikali ilisimama mlangoni na mwiko.

Likizo ya Agosti nikampeleka kwa nyanya yake Kanduyi, yeye, baiskeli na helmeti. Mama mkwe wangu aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaigonga kwa kidole, akasema, "Hii ni kitu ya maana." Nikarudi Kitale moyo umetulia. Nilidhani tumeelewana.

Jumapili iliyofuata nikaenda kuwatembelea. Nikawakuta njiani wakienda kanisani kwa miguu: mama mkwe na kitenge chake kizuri, na binti yangu kando yake, gauni jeupe, soksi za marinda, na helmeti kichwani. Mikanda imekazwa chini ya kidevu. Baiskeli haikuwepo.

"Baiskeli iko wapi?" nikamuuliza.

"Iko nyumbani. Si leo ni Jumapili?"

"Na hizo siku zingine, ukiendesha, unavaa nini?"

Akamtazama nyanya yake kwanza. "Nyanya huifungia kwa kabati."

Kabati hilo nalijua. Ndimo vinamokaa vikombe vya wageni, na ufunguo wake hulala kifuani mwa mama mkwe. Tangu niolewe, nimenywea vikombe hivyo mara mbili. Wiki nzima mtoto wangu alikuwa akiteremka njia ya nyuma ya nyumba kichwa wazi, huku helmeti imelala salama kando ya birika, imejazwa magazeti isipoteze umbo.

Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Lakini mama mkwe hafokewi. "Mama," nikasema polepole, "hii si ya kanisa. Ni ya kuanguka nayo."

"Ati aanguke nayo? Kitu mpya hivi! Si itaharibika na vumbi ya balabala?"

"Iharibike, mama. Nakuomba. Mimi ndiye hupiga deki kule wodini."

Ibada nzima hakuniangalia. Lakini baada ya chakula cha mchana alimwambia mtoto atoe baiskeli, akamfunga helmeti kwa mikono yake huku amenuna, tukasimama kando ya njia kumtazama. Mbuzi akakatiza. Binti akamkwepa, gurudumu likaingia mtaroni, akaruka juu ya usukani, na kichwa kikagonga jiwe. Ko!

Mama mkwe alifika kabla yangu. Akamvua ile helmeti, akaiinua juu. "Uwi! Imepasuka! Si nilisema?" Mtoto alikuwa ameshasimama, anajipangusa goti.

Kisha mama mkwe akapitisha kidole kwenye ule ufa, juu kidogo ya sikio. Akamvuta mtoto, akapapasa mahali pale pale kichwani mwake, katikati ya misuko. Hapakuwa na kitu. Akapapasa tena.

Akakaa chini vumbini na kitenge chake cha kanisa, akaangua kilio. Sijawahi kumwona akilia, hata matangani. Nami nikaketi kando yake nikalia kumshinda. Binti yangu akatutazama, akaangalia njia juu na chini, akauliza, "Kwani nani amekufa?"