Msumari Ambao Sikuusikia

Nawasalimu katika jina la Yesu, aliyeniita nikiwa siwezi kuitika. Wengi wenu mmeniona nikitembea na fimbo, mkaniuliza kwa upole ni ajali gani iliyonipata. Leo nawajibu wote kwa pamoja, wala sitaficha yale yanayotia kinyaa, kwa sababu huenda yumo kati yenu mtu ambaye sasa hivi amesimama juu ya msumari.

Mimi ni mkufunzi wa chuo cha ualimu. Tunaishi Makole, na mume wangu ana karakana ya milango na madirisha kule Kizota. Kisukari nilikuwa nimeishi nacho kwa miaka kadhaa, nikimeza vidonge nilipovikumbuka. Nyayo zangu zilianza kufa ganzi taratibu, hata nikawa kama mtu anayekanyaga pamba, nikasema ni uchovu wa kusimama darasani. Kwa kuwa haziumi, sikuzipeleka kwa daktari. Nani huenda hospitali kulalamika kwamba haumwi?

Kanisani nilikuwa mwalimu wa akina mama, na aliyetaka somo lililopangika vizuri alinialika mimi. Jumamosi moja nilialikwa Mvumi, nyumbani kwa wakwe zangu, nifundishe juu ya kifo cha kiroho na uzima mpya. Asubuhi nilipita karakana kumuaga mume wangu, nikakanyaga maranda na takataka za mbao, nikaingia garini. Huko Mvumi nilifundisha nikiwa nimesimama hadi adhuhuri. Nilieleza kwamba mtu aliye mbali na Mungu si mgonjwa wa kuongezewa nguvu. Ni mfu, na mfu hawezi kujisaidia. Ili waelewe, nikapiga mguu chini kwa kishindo.

"Mfu hata umpigilie msumari, hatasema aa!"

Akina mama walicheka, wakapiga vigelegele. Mguu huo nilioupiga chini ulikuwa na msumari ndani yake.

Baada ya somo nilikwenda kwa mama mkwe, karibu na kanisa. Nilivua viatu mlangoni. "Mbukwa, Mama," nikamsalimu kwa Kigogo, naye akaitikia, "Mbukwa, mwanangu, pita uketi." Nikavuka sebule yenye sakafu ya saruji hadi kiti cha mwisho. Wifi yangu Joyce, ambaye hajawahi kuniacha nipite bila utani, alishika kiuno.

"Wifi, watu wa mjini siku hizi mnapaka hina hadi chini ya nyayo? Tazama unavyotuchorea sakafu!"

Nikacheka. Kisha nikatazama. Kutoka mlangoni hadi kitini palikuwa na alama za unyayo mmoja, nyekundu, mbichi. "Mtoto gani amekanyaga chupa?" nikauliza, nikainuka kumtafuta mtoto huyo. Alama zikaongezeka nyuma yangu.

Mama mkwe alinikalisha kwa kunishika mabega, akaupakata mguu wangu. Joyce akaenda mlangoni, akaingiza mkono ndani ya kiatu changu, akautoa upesi kama aliyeumwa na nge. Msumari ulikuwa umepenya soli na ncha yake imesimama wima.

"Hukuusikia?" Mama akaniuliza.

"Sikuusikia, Mama."

"Tangu asubuhi?"

Nikaingiza kidole kwenye tundu la unyayo wangu. Kidole kikazama. Mguu haukusema neno. Ndugu zangu, nimeona damu nyingi maishani, lakini ukimya ule ulinitetemesha.

Mama alitaka kuukanda mguu kwa maji ya moto na chumvi, kama alivyowakanda wanawe wote walipochomwa na miiba. Kabla hajayapima, nikatumbukiza mguu ndani ya beseni. "Ni ya vuguvugu tu, Mama. Joyce, ongeza." Joyce akaongeza kutoka kwenye sufuria. Mama akachovya vidole ili aanze kukanda, akapiga ukelele, akalipindua beseni. Nilipoutoa mguu, ngozi ilikuwa inajivua kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Mimi niliyekuwa naungua nilikuwa mtu pekee mle ndani ambaye hakupiga kelele.

Mama alinisihi niende hospitali. Nikaahidi, kisha nikanunua dawa ya kupaka, nikafunga bendeji, na Jumatatu nikaingia darasani. Siku chache baadaye wanachuo walikuwa wakifungua madirisha kila niingiapo. Nami nilisikia ile harufu. Nikaagiza mtu apande darini kutafuta panya aliyekufa. Alitafuta kwa bidii, akashuka, akasema hakuna kitu. Ndipo nilipoinama kuokota chaki, na harufu ikanijia usoni kutoka kwenye bendeji yangu.

Daktari aliyenipokea alikuwa kijana mpole mwenye sauti ya chini. Alifungua bendeji, akaanza kukata nyama nyeusi palepale, bila ganzi.

"Unasikia, mama?"

"Hapana."

Akasogea juu. "Na hapa?"

"Hapana, daktari."

Akaweka kisu chini. "Mama, nyama iliyokufa haitibiwi. Dawa husafiri ndani ya damu, na hapa damu haifiki. Ninachokifanya ni kukata nikiitafuta damu. Kesho tutakata zaidi. Tusipoipata, itatubidi tuukate mguu chini ya goti."

Mume wangu, aliyekuwa amenisindikiza, aligeukia ukutani. "Msumari wangu," akasema. "Mama Tumaini, ni msumari wa karakana yangu." Nikamwambia kwamba yote ni mapenzi ya Mungu, kwa sauti ileile ninayotumia kutangaza matokeo ya mtihani. Aliniangalia kama mgeni.

Jioni ile, saa ya kuwaona wagonjwa, alikuja mama mkwe. Alikaa kitandani upande wa miguu, akasema:

"Mwanangu, nikuambie jambo. Tulipomzika dada yako Yunis, nilikuona. Ulipanga viti, ukahesabu sahani, ukaongoza sala. Watu wakasema, huyu mama ana imani! Mimi nikasema moyoni, huyu anavuja damu mahali, naye hajui."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu mengi. Lakini nilipoanza kutafuta ni lini sala iliniuma au ilinifurahisha, ni lini dhambi yangu ilinichoma, ni lini jina la Yesu lilikuwa kwangu zaidi ya kichwa cha somo, sikupata hata siku moja ya karibu. Nilibonyeza huku na huku, kama daktari. "Unasikia?" Hapana. Na hapa? Hapana. Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na damu sakafuni. Nilikuwa nimewaeleza watu kaburi kwa ufasaha mkubwa, nikiwa ndani yake.

Sikuwa na sala iliyopangika. Nilisema tu, "Yesu, nimekufa. Siwezi kujiinua. Njoo uniinue." Mama akaushika mguu wangu ulio mzima kwa mikono miwili, akaomba kwa Kigogo. Kisha nikamkumbuka Yunis, jinsi alivyokuwa akivua viatu vyangu utotoni na kuvikung'uta, akihofia nge. Nikalia hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Sikujitahidi kulia, wala nisingeweza kujitahidi. Nilipewa.

Asubuhi daktari alikata tena. Alipofika katikati ya unyayo, kitu kama moto kilipanda hadi kwenye nyonga. Nikapiga yowe.

"Alhamdulillahi!" akasema muuguzi mwenye ushungi aliyekuwa amenishika mkono. "Mama amelia!"

"Damu hiyo," daktari akasema, naye akatabasamu. "Hapa pana uhai."

Msinielewe vibaya. Machozi yangu hayakuuponya mguu. Palepale alipokata ndipo neva zilizosalia zilipoanzia, naye alinieleza hivyo. Nilipoteza vidole viwili na sehemu ya unyayo. Nilitembea na magongo kwa miezi mingi, nikajifunza kujichoma sindano ya insulini, nikavumilia usafishaji wa kidonda na utani wa Joyce: "Wifi, hina imekoma, tumebaki na bandika bandua."

Wenye kisukari, nawaomba: tazameni nyayo zenu kila siku kwa macho, au mtazamwe na mwingine. Kung'uteni viatu. Maji yapimwe na mtu mwenye kuhisi. Msisubiri maumivu, kwa maana huenda hayatakuja. Nanyi mnaotumika kanisani, ambao hakuna kinachowauma tena, wala aibu, wala msiba, wala Neno, msiite hali hiyo imani. Mwambieni Yesu kwamba mmekufa. Yeye hapungukiwi na nguvu kwa wafu, na damu yake hufika mahali ambapo somo halifiki.

Mguu wangu bado haujarudiwa na hisia. Kila jioni mume wangu hupiga magoti, akaukagua kwa tochi, kwa kuwa mimi siwezi kuusikia.

Mwezi uliopita tulikwenda kwenye kaburi la Yunis. Nilikuwa sijarudi pale tangu siku ya kupanga viti. Mama mkwe alikung'uta viatu vyangu kwanza, kisha akanishika mkono. Nikapiga magoti juu ya kokoto, nikataja jina la dada yangu, na likaniuma. Asante Yesu, likaniuma sana.