Mke Mwenza wa Redioni

Rimma Pahomova, jirani niliyechangia naye jiko moja pale Baltiysk, bandari ya manowari za Kisovieti, alizaliwa na wivu wake. Mumewe Gleb akisifu supu yangu ya kabichi, siku hiyo sufuria zangu zilikiona cha moto. Nilimzoea. Lakini Gleb alikuwa baharini miezi kwa miezi, na Rimma alibaki anawaza.

Meli ya Gleb ilisemekana inapima kina cha bahari. Mji mzima tulijua inapima nini. Ilijaa antena, ikijivuta pembeni mwa manowari za Magharibi, na kina Gleb wamekaa ndani, vipokea sauti masikioni, wakisikiliza redio za watu. Wakirudi hawasemi kitu, maana wameapa.

Jumapili moja Gleb amerudi, tunakula viazi na samaki wa chumvi. Redio ya jikoni ikaleta wimbo wa mwanamke mwenye sauti nzito. Gleb akatabasamu peke yake.

"Kama yule wangu akishikwa na mafua," akasema.

Rimma akaweka uma chini. "Yule wako nani?"

Gleb akawa mwekundu kama bitiruti. "Ni mambo ya kazi."

"Kazi siku hizi inashikwa na mafua?"

"Rimma, unajua siruhusiwi kusema."

"Mafua yake umeruhusiwa!"

Kwetu mume akitoka nje ya ndoa, mke hapeleki kesi kwa wakwe. Huipeleka kwa ofisa wa siasa wa meli, ambaye humkaripia mtu mbele ya wenzake mpaka akumbuke nyumbani. Rimma alipoinuka kwenda huko nikamwambia, "Shoga, subiri kwanza."

"Na wewe unayemtetea, una nini naye?"

Basi nikarudi kwenye sufuria zangu. Akaenda.

Ofisa akamwita Gleb palepale, na Gleb ikambidi aseme. Yule ni mwanamke wa kituo cha redio cha jeshi la Denmark. Kwa miaka amemsikiliza akisoma tarakimu za siri. Anajua akiwa amechoka, akiwa ametoka kulia, akiwa amegombana na mkubwa wake. Jina halijui, sura haijui.

Ofisa akacheka. "Dada Rimma, hiyo ni sauti tu! Nenda kapike."

Rimma hakucheka. Mwenyewe aliniambia kwamba hapo ndipo wivu ulipomkaba hasa. "Angekuwa amelala naye, ningemng'oa nywele, mambo yakaisha," alisema. Akamgeukia mumewe mbele ya ofisa. "Na mimi, Gleb? Nikinyamaza, unajua nina nini?"

Gleb akaangalia kofia yake.

Kicheko cha ofisa nacho hakikudumu. Mtu anayemwita mwanamke wa adui "yule wangu" harudishwi baharini. Gleb akapewa ghala la rangi, nchi kavu. Rimma akatembea mjini kifua mbele, mume nyumbani kila jioni, hakuna wa kumsikiliza ila yeye.

Majira ya baridi nikamkuta jikoni, shali shingoni, analia juu ya sinki.

"Nini tena? Si unaye kila siku?"

"Tangu juzi nakohoa," akasema, kwa sauti iliyokwaruza hata nikashtuka. "Nakohoa mbele yake, mezani, kitandani. Leo ndiyo kafungua mdomo kuniuliza."

"Kakuuliza nini?"

"Chumvi iko wapi."