Skrini Tuliyoikodi Mbarara

Nimechoka na skrini. Kila siku tangu asubuhi natazama moja ikiwaka kwenye chumba changu cha video hapa Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi, na kelele za watu wanaopigana filamuni zinanifuata hadi kanisani. Kwa hiyo kikundi cha mama wanaotarizi vitambaa, mke wangu akiwa mmoja wao, kilipopata kibanda kwenye maonyesho ya biashara Mbarara na kuniomba niwachagulie skrini ya kuonyeshea video ya mikono yao ikitarizi, nilitaka kukataa. Sikukataa, kwa ajili ya mke wangu.

Kulikuwa na hoteli mjini iliyotafuta vitambaa vya meza na mashuka ya kutarizi. Mwanamke anayeinunulia vitu aliahidi kupita kibandani siku ya kwanza. Mke wangu alishasema kwamba hoteli isipowapa kazi, ataacha sindano aende Masha kulima mashamba ya watu. Ametarizi tangu usichana wake, kule Kivu ya Kusini. Hakuyasema hayo kwa hasira, na ndiyo maana niliogopa.

Mkodishaji wa Mbarara, ambaye skrini zake huzunguka kwenye harusi, alikuwa na mbili zilizobaki. Moja ilikuwa ndogo, ya kukaa mezani, na kioo chake hakikung'aa. Ya pili ilikuwa pana kama mlango, inang'aa hata unajiona sura. Mke wangu aliishika ile ndogo.

"Papa, haka kanatosha. Tukaweke pembeni. Bantu baone vile mukono inatumika, kisha bageuke baone kitambaa."

"Nani atakaona haka, Mama? Kazi ya ekra mimi naijua," nilisema; ekra kwetu ndiyo skrini.

Aliirudisha ile ndogo mahali pake. Tukaibeba ile kubwa.

Kibanda chenyewe kilikuwa hema jeupe, na jua lilipita humo kama hakuna kitu. Niliiwasha skrini, na badala ya mikono ya mama wakitarizi nikaona uso wangu, barabara, na mtu anapita na baiskeli. Sasa, mtu wa chumba cha video ana dawa moja tu ya picha iliyopauka, nayo ni giza. Nilikuja na maturubai meusi bila kumwambia mtu. Nikayafunga pande tatu na nusu ya mlango. Skrini nikaipandisha juu, ukuta wa nyuma. Nikapanga na mabenchi, maana kwetu mgeni hasimamishwi.

"Na bitambaa?" mke wangu aliuliza. Vilining'inia kandokando, na nyekundu haikujulikana na kijani.

"Batabiona ndani ya ekra," nilisema.

Watu walijaa! Wanafunzi, waendesha boda, mama na watoto mgongoni, wote wameketi kimya kama kwangu Kashojwa. Sindano ilipofunga fundo la mwisho, walipiga makofi. Nilijisikia mtu mkubwa, nasema kweli. Nilisimama pale mlangoni nikiwasogeza watu wabanane. Hakuna aliyenunua hata kitambaa kimoja, lakini nilijiambia watanunua wakitoka.

Mchana jirani yetu, muuza asali, alikuja kunisalimu.

"Sebo, bwana wangu, ile mama ya hoteli mlipatana?"

"Mama gani?"

"Alikuja kwangu, anauliza watu ya vitambaa iko wapi. Mimi namuonyesha hapa. Yeye anachungulia, anasema, 'Hapana, hii ni sinema.' Akaenda."

Niliyang'oa maturubai kwa mikono miwili. Mwanga uliingia, watazamaji wakalalamika, wakaondoka mmoja mmoja. Rangi zote zikaonekana, nzuri sana, na hapakuwa na mtu wa kuziona. Kesho yake tulikwenda hotelini. Mlinzi alituambia mama yule amekwisha kupata vitambaa, kwa watu wengine palepale maonyeshoni. Mke wangu alimshukuru mlinzi. Nilitamani anigombeze, lakini alipanda gari la Rwekubo, la kurudi kambini, akalala njia nzima.

Jumatatu akaenda Masha.

Jumapili ya tatu, baada ya ibada, alichukua kitambaa alichokuwa hajakimaliza, kilichobakiza ua moja. Nilifurahi kimoyomoyo, nikajifanya nashughulika na waya zangu. Jembe lilikuwa limempasua vidole. Uzi ulinasa kwenye ngozi, ukakatika. Akaweka mwingine, nao ukanasa. Alijaribu mara nne. Kisha akakikunja kitambaa vizuri, kona kwa kona, akaninyooshea.

"Chukua, Papa. Upangushe ekra yako, iko na vumbi mingi."

Hakuwa ananisimanga. Skrini ilikuwa na vumbi kweli, na mimi sikuwa na kitambaa.