Nyongeza Kwenye Kichupa

Mimi sijui kutulia. Nikianika nguo, naacha nusu kwenye beseni nikatazame sufuria, na nikifika kwenye sufuria nakumbuka simu. Mama yangu, aliyenizaa Rhotia na kunilea nyuma ya meza yake ya maharage sokoni Karatu, ananiita kiguu na njia.

Kwa hiyo siku niliyochukua damu ya ndama kule Nainokanoka, juu Ngorongoro, mawazo yangu yalikuwa yameshafika boma linalofuata. Ndama alikuwa anazunguka palepale, kichwa kimeinama upande. Wamasai wanauita ugonjwa huo ormilo. Mwenye ndama, mama wa makamo aliyejitanda shuka mbili kwa baridi, alitaka kuwahamishia ndama wengine kwa kaka yake, mbali na malisho yenye kupe. Nilimzuia. Nilimwambia kupe wanaleta magonjwa yanayofanana, asubiri kwanza tujue ni upi, asije akaupeleka kwa kaka yake.

"Utarudi?" akaniuliza.

"Wiki mbili tu, yeyo." Hivyo ndivyo Wamasai wanavyomwita mama.

"Wanaochukua damu huwa hawarudi."

"Mimi nitarudi."

Maabara yetu ya mifugo iko Karatu, chumba kimoja chenye friji inayolia. Kipimo cha kuutambua ugonjwa ule kilihitaji kitu cha kulinganishia: kipande cha DNA ya kijidudu chenyewe, kilichounganishwa ndani ya duara dogo la DNA ya bakteria. Bila hicho, jibu lolote ambalo ningetoa lingekuwa la kubahatisha. Kazi ya kuunga hufanywa na kimeng'enya kiitwacho ligasi. Nilikitia kwenye kichupa pamoja na vipande viwili na maji yake ya dawa, yenye magnesiamu na ATP, molekuli inayokipa nguvu, nikaenda kufanya mengine. Haikuunga. Nikarudia, haikuunga. Wiki mbili zikapita, zikapita nyingine mbili. Nilikuwa siwezi kula vizuri, na kila gari la watalii lililopanda kuelekea Ngorongoro liliniudhi kwa sababu lilikuwa linakwenda kule nisikoweza kwenda.

Hatimaye nilimpigia simu mwalimu wangu wa zamani, mama mmoja mkavu wa maneno aliyeko Arusha.

"Umeongeza kitu ambacho hakikuandikwa kwenye maelekezo?"

"ATP kidogo tu, mama. Umeme unakatika sana huku, nikahofia ile ya kwenye maji ya dawa imekufa."

"Kidogo kiasi gani?"

Ikabidi nikiri. Ukweli ni kwamba niliongeza kila mara iliposhindikana. Sokoni kwetu huwezi kumpimia mtu sado ya maharage ukaishia ukingoni. Lazima umtilie nyongeza, konzi moja au mbili, la sivyo harudi tena kwako. Nililelewa nikiamini kipimo halisi ni uchoyo.

Mwalimu alicheka, halafu akanieleza taratibu, kwa kuwa alinijua. Ligasi hufanya kazi kwa hatua tatu. Kwanza huikata ATP na kujibebesha sehemu yake moja, iitwayo AMP. Pili, huutua mzigo huo kwenye ncha ya DNA, pale penye fosfati, na ncha ikawa tayari. Tatu, ikiwa mikono mitupu, huileta ncha ya pili, uzi ukaungana na AMP ikaachiliwa.

"Sasa wewe umemwaga ATP kila mahali," akasema. "Kimeng'enya kikiachia ncha kabla ya hatua ya tatu, papo hapo kinabeba mzigo mwingine. Chenye mzigo hakiwezi kumalizia ncha iliyokwisha tayarishwa. Kichupa chako kimejaa kazi zilizoishia nusu."

Niliona aibu, maana nilijiona mimi mzima mzima. Nikaagiza maji mapya ya dawa, nikapima kama ilivyoandikwa, nikakaa kwenye kiti nikijibana vidole. Iliunga mara ya kwanza. Nikapima damu, jibu likatoka wazi. Kwa furaha nilimkumbatia mlinzi wa getini.

Gari la ofisi lilinipandisha Nainokanoka miezi miwili baada ya ahadi yangu. Nilimwambia dereva asizime, kwani tulikuwa na maboma mengine ya kupita, nikaruka chini na karatasi yangu mkononi.

"Takwenya, yeyo," nikamsalimu.

"Iko," akaitikia.

"Nimeleta jibu. Ndama wako yuko wapi?"

"Alikufa wiki ile ile uliyoondoka."

"Pole sana. Na wengine?"

Alinionyesha zizi la ndama. Mlango wake wa miiba ulikuwa umeachwa wazi, na ndani majani yalikuwa yameanza kuota.

"Ulisema nisubiri," akasema. "Nikasubiri."

Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Nilitaka kumweleza habari za kichupa, umeme na friji. Nikaishia kulia mbele yake kama mtoto, naye akaningoja nimalize.

"Haya, niambie. Ulikuwa ugonjwa gani?"

Nikamwambia ni ormilo, ule ule wa kupe aliotaka kuukimbia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Majirani bado wana ndama," akasema. "Tutakwenda kwao wote, boma kwa boma, ukawaambie kwa mdomo wako kwamba mimi ndiye niliyesema ndama wahamishwe."

Nilirudi kwenye gari nikamwambia dereva azime.