Intaneti ya Zizini

Baba Tshenolo hakupenda kukaa ndani. Nyumba aliijenga mwenyewe, kisha akamwachia mkewe. Maisha yake yeye yalikuwa zizini, nyuma ya uwanja, alikokunywa chai na kupokea wageni. Lakini Tshenolo, mwanawe wa pekee, alipokwenda Kanada kuchomelea meli, mzee alianza kuingia sebuleni kila Jumapili. Alikaa ukingoni mwa kochi na simu mkononi, kwani intaneti ya dishi iliishia humo. Mnara wa simu uko ng'ambo ya kilima, hautufikii.

"Baba, nionyeshe ng'ombe."

"Ng'ombe hawaingii sebuleni. Njoo uwaone."

Tshenolo akamtumia kifaa cheupe cha kuchomeka ukutani, kinachopokea wifi ya ndani na kuisukuma nje bila waya. Mzee akakiweka kabatini na kasha lake. "Atakuja kukifunga mwenyewe."

Februari hii Tshenolo alifia kule. Kumleta kulishindikana. Angezikwa hukohuko, rafiki yake atuonyeshe kwa simu.

Katika ukoo ule, msiba ukiingia, mama mfiwa hukaa chumbani kwenye godoro, amezungukwa na wanawake. Wanaume huota moto zizini, wala hawavuki kizingiti mpaka maziko yaishe. Udongo wa kwanza hutupwa na baba. Mzee alitaka hilo tu: jeneza likishuka kule, naye atupe wake hapa, kwa wakati mmoja.

Basi kasha likafunguliwa. Kelapile, fundi madishi wetu, alisimama nje ya dirisha la jikoni akamwelekeza binti wa jirani pa kuchomeka. Zizini hakikufika kitu.

"Tangi la maji limeziba," akasema. "Wifi na maji ni kama mimi na mama mkwe. Njia moja hatupiti."

Dirisha lisilozibwa na tangi lilikuwa moja, la chumba cha godoro. Kifaa kikapelekwa huko. Simu ya mzee ikashika. Tukaona theluji, watu wenye makoti meusi, na jeneza juu ya kamba. Tulivua kofia. Mzee aliinama, akachota udongo wa zizi, akafumba ngumi.

Mchungaji wa kule akafungua kitabu. Picha ikaganda.

"Kelapile."

"Naona, Baba Tshenolo. Ngoja."

Alikimbia hadi dirishani. "Nani kazima huko ndani?"

"We Kelapile, punguza sauti!" Alikuwa shangazi Boikanyo, aliyefika dakika ile kutoka Francistown, na kazi yake katika kila msiba ni kufunika vioo na kuzima vyombo. "Nyumba ina kilio, kitaa kinatukonyeza kama cha baa? Nimekichomoa."

"Kirudishe, shangazi! Mzee anazika!"

Kisha sauti yake, ndogo kabisa: "Mungu wangu. Tundu liko wapi?"

Kifaa kile huamka polepole. Mzee aliutazama mlango wa nyumba yake, hatua chache tu, sebuleni simu ingeshika mara moja. Alikwenda hadi kizingitini. Ndani mkewe alikuwa akilia. Akarudi zizini.

Picha iliporejea, wafanyakazi wawili walikuwa wakikunja zulia la kijani. Tingatinga dogo lilikuwa likiondoka. Watu hawakuwapo.

"Wamemfunika?" mzee akauliza.

Rafiki wa Tshenolo, kule, alikuwa akilia tu, kisha akakata.

Beseni la maji ya shubiri, ya kunawa baada ya kuzika, likaletwa getini, tukanawa mikono mmoja baada ya mwingine.

"Nawa, Baba Tshenolo," Kelapile akamwambia.

"Sijatupa."

Ng'ombe walikuwa wakirudi kutoka malishoni. Mzee aliinua simu kwa mkono wa kushoto, akaielekeza kwao, akawafuata kwayo mmoja mmoja hadi wa mwisho alipoingia. Wifi ilikuwa imejaa. Ngumi ya kulia aliibana kifuani, na usiku ulipoingia hakuwa ameifumbua.