Herufi Nyembamba za Papa

Nilikosa nafasi ya jina la papa, baba yangu mzazi, kwenye msalaba wa kaburi lake. Mimi mwenye diploma ya sekondari nilianza kwa herufi pana, zenye pembe kali. Jina la kwanza likala karibu ubao wote, la ukoo likapata silabi mbili tu. Zilizobaki nikazishusha chini, pembeni, kama watu waliochelewa misa.

Na papa njo alikuwa mwandishi wa vibao. Maduka ya Kitshanga yana majina marefu kuliko mbao zao, hasa ya wafanyabiashara wa Butembo, wanaotaka Mungu, duka na bidhaa zote vikae juu ya mlango mmoja. Papa aliwaenezea wote majina yao ubaoni. Herufi zake zilikuwa ndefu, nyembamba, zimekaribiana kama watu kwenye benchi ya kanisa, na ncha zote za mviringo. Alisema kwenye pembe njo mvua inaanzia kubandua rangi. Mtu wa pikipiki alizisoma bila kupunguza mwendo.

Kila alipopanga rangi aliniuliza kama tunaenda Kitshanga. Sababu sikukosa: tope, tumbo, maharage yako motoni. Pale Kingi, kijijini kwetu, hata kuku wetu walitembea kunishinda. Akaondoka peke yake, akarudi na buluu kwenye kucha, nami nikamchotea maji ya kunawa, nikidhani hiyo nayo ni kazi.

Baada ya aibu ile ya msalaba nilipanda pikipiki hadi Kitshanga, macho nimeyafumba karibu njia nzima. Kibao cha kwanza chenye mkono wake nilikijua kabla ya kushuka. Niliomba ngazi. Nikaweka karatasi juu ya herufi, moja moja, nikazifuata kwa penseli. Nilipofika kwenye O, nyembamba kama yai lililobanwa, kidole changu kilizunguka humo mara nyingi kuliko kazi ilivyotaka. Mwenye duka aliuliza kama nimemaliza. Nikamwambia bado.

Nyumbani nilikwangua ubao, nikaandika upya. Jina lote likaenea, ikabaki hata nafasi ya kidole. Mama jirani, ambaye shamba lake limepakana na letu, alisimama na jembe begani, akalisoma polepole kwa sauti, kisha akanigeukia:

"Sasa ameenea. Lakini wewe, mpaka papa yako afe njo ujue Kitshanga iko wapi?"