Gogo la Mgunga Siku ya Wageni

Siku ninayoikumbuka hadi leo nikacheka peke yangu jikoni, mwanangu, ni ile Kamau alipokuja kwetu Ngoliba na watu wa kwao Ruiru kuniposa. Nyama ilikuwa bado mbichi, kuni zimeisha, na pale uani limebaki gogo moja la mgunga, kavu, limejaa mafundo. Hilo hata baba alikuwa ameliogopa.

Kamau akavua koti. "Leteni shoka, nalimaliza sasa hivi!" Wenzake wakampigia makofi. Si unajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akalipiga katikati kwa nguvu zake zote, shoka likanasa. Akavuta, akakanyaga gogo, akavuta tena, wapi! Makofi yakaisha, wazee wakaanza kutazama kando.

Mimi nilijua dawa yake, maana kuni nimepasua tangu utotoni. Nikainuka, lakini Tata Wangari, dadake baba, akanishika mkono. "Wee, kaa chini! Ukimshinda mwanaume mbele ya mama yake, hawa watarudi Ruiru na mbuzi wao." Nami nilimpenda Kamau, sikufichi, na niliogopa sana kumpoteza. Lakini nikinyamaza leo, nitanyamaza miaka mingapi?

Nikamwendea, nikamwambia polepole, "Usipige katikati. Anza ukingoni, pale penye ufa."

Kamau akanitazama, akapangusa uso, halafu akaangua kicheko. "Kumbe unajua na unaniangalia tu nikiteseka? Haya, nionyeshe."

Tukalichomoa shoka pamoja. Nikalimenya gogo kandokando, kipande baada ya kipande, kisha yeye akamalizia. Mama yake akasema, "Huyu ndiye. Nyumba yake haitalala njaa." Na wa kwanza kupiga kigelegele alikuwa nani? Tata Wangari, hata haya hana!

Sasa wewe unaolewa mwezi ujao, mwanangu. Usifiche ujuzi wako ili mtu mwingine aonekane mkubwa. Sema, ila sema kwa upole, maana maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Na siku ya kwanza utakapomkosoa huyo kijana, mtazame uso. Akinuna, harusi ingoje kidogo. Akicheka akataka kujua zaidi, huyo mshike.

Nenda na amani. Mungu akujalie mume wa kufundishana naye mpaka meno yawaishe kinywani, kama sisi.